Nyumba ya Saa Tisa

Kila alipopanda kwenye ghorofa ya nyumba ile, dalali alivua viatu. Hakuna aliyemwomba avue. Sakafu ilikuwa ya mbao za zamani, zimesuguliwa na nyayo za miaka mingi mpaka zikalainika kama kiganja, naye alipenda kuzihisi chini ya miguu yake. Kwa mwenye nyumba alisema kwamba anakwenda kukagua mabomba. Mabomba yalikuwa mazima tangu siku ya kwanza. Alichokagua ni namna jua la asubuhi lilivyoingia katika chumba kidogo cha nyuma, likapanda ukutani polepole, likakaa, kama mgeni aliyeambiwa asiwe na haraka.

Mtaani alijulikana kwa jina la Mama Funguo. Hakuwa na mtoto. Wenye ndimi kali walisema watoto wake ni wale wanaolia mkobani anapotembea. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amewaingiza watu katika nyumba zao, na yeye mwenyewe alikuwa bado amepanga vyumba viwili juu ya duka la rangi, mahali ambapo hata chai ilinukia tapentaini. Mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo aliwahi kutaniwa nayo mara nyingi kiasi kwamba sasa alijitania nayo mwenyewe, kabla mwingine hajamtangulia.

Dalali mzuri anajua kwamba nyumba haiuzwi na ukubwa wake, huuzwa na mlango wa kwanza anaofunguliwa mteja. Na anayejua kuuza anajua pia kutouza. Jirani na nyumba ile palikuwa na karakana ya seremala. Asubuhi seremala yule aliunga mbao kwa gundi na subira, na mtaa ulikuwa kimya hata ukasikia kijiko cha jirani kikigonga kikombe. Lakini kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi aliwasha msumeno mkubwa, na hapo hata ukuta ulitamani kuziba masikio. Basi kwa miezi minane Mama Funguo aliwaleta wateja saa tisa. Aliwaanzishia stoo ya chini ya ngazi, pale rangi ilipobanduka kwa sababu ya maji yaliyovuja zamani. Chumba kidogo cha nyuma alikipita akisema, "Hiki ni cha kuwekea vitu."

Hakuwa amemwambia mteja uongo hata siku moja. Hilo lilimsaidia kulala.

Uwezo wa kuinunua hakuwa nao, wala hakujidanganya kwamba angekuja kuupata. Alichotaka kilikuwa kidogo zaidi ya hicho, na kibaya zaidi: alitaka isiwe ya mtu.

"Bado hatujapata, mwanangu?" mwenye nyumba alimwuliza kila wiki. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, ambaye goti lake lilikuwa limemhamishia chini. Ngazi hakuzipanda tena. Binti yake alikuwa amekwisha kumwandalia chumba kwake, kisicho na ngazi.

"Bado, Mwalimu. Soko limelala."

"Basi na lilale," Mwalimu alisema. "Ila lisikoromee juu ya goti langu."

*

Ofisi ya Mama Funguo ilikuwa meza moja ndani ya duka la fotokopi, kati ya mashine na mlango. Jumamosi moja mdogo wake aliingia hapo na mumewe, wote wawili wakitabasamu kama watu walioficha keki nyuma ya mgongo.

"Dada, tumekuja kukusumbua. Tunataka nyumba. Na dalali mwingine hatumwendei."

"Mwingine atatuuzia choo atuambie ni sebule," alisema shemeji.

Mama Funguo alicheka, akawavutia viti.

Walipokuwa wadogo walilala kitanda kimoja, na mdogo ndiye aliyepewa upande wa ukutani, asianguke. Kadiri miaka ilivyokwenda, ilikuwa kama dunia nzima imekubaliana kumpa yule mtoto upande wa ukutani. Kazi ya ufamasia ilimpata kabla hajamaliza kuitafuta. Mume, daktari wa meno, alimpata kwenye foleni ya jino lililomwuma siku moja tu. Dada mtu aliviona vyote hivi vikija, akavipigia vigelegele, na kila kigelegele kilimkwaruza koo. Na angalau mdogo wake angekuwa na majivuno! Angekuwa mtu wa kusengenywa, wivu ungepata pa kuegemea. Lakini alikuwa ndiye anayemletea dawa za kifua kila msimu wa baridi, ndiye aliyekumbuka siku yake ya kuzaliwa hata yeye mwenyewe alipoisahau. Kumwonea kijicho mtu wa namna hiyo ni kama kumwibia anayekugawia.

Aliwaonyesha picha za nyumba tano kwenye simu. Mdogo wake, mwenye mazoea ya kupekua vitu vya dada yake tangu utotoni, aliichukua simu mkononi, akaendelea kutelezesha kidole.

"Na hii ni ipi? Dada, mbona ziko nyingi hivi?"

Dirisha. Dirisha lilelile tena, jua likiwa juu kidogo. Ngazi. Kitasa cha shaba. Ukuta mtupu wenye kipande cha mwanga.

Shemeji alichungulia. "Mimi hata siku ya harusi sikupigwa picha kiasi hiki."

"Hiyo haiwafai," alisema Mama Funguo, akinyoosha mkono kuidai simu yake. "Ina kelele."

"Kelele za nini?"

"Karakana. Msumeno."

"Basi tupeleke tukausikie," alisema mdogo wake, macho bado kwenye kile kipande cha mwanga. "Nimeipenda, sijui kwa nini."

Mama Funguo alijua kwa nini. Walikuwa wamelelewa na macho yaleyale.

"Njooni Jumatatu," alisema. "Saa tisa."

*

Jumatatu msumeno haukumwangusha. Ulikuwa ukiunguruma walipofika getini, na walipoingia stoo ulikuwa umepanda sauti ya juu kabisa, ile inayomfanya mtu ahisi meno yake ni ya mtu mwingine. Shemeji aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akapapasa pale rangi ilipobanduka.

"Ukuta una afya!" alipaza sauti. "Ila huyu jirani anang'oa bila ganzi!"

Mdogo wake alicheka huku amejiziba masikio. Walipanda juu. Mama Funguo, kwa mara ya kwanza, alipanda na viatu, navyo vilipiga kelele za ugeni kwenye mbao. Aliwaonyesha vyumba viwili vikubwa, haraka. Mlango wa chumba kidogo aliusimamia kwa mgongo.

"Na humo?"

"Ni cha kuwekea vitu."

Nje, getini, mdogo wake alimshika mkono. Uso wake ulikuwa umenywea kidogo, kama mtoto aliyeonyeshwa kitu dukani kisha kikarudishwa rafuni.

"Si yetu, basi. Lakini asante, dada. Mwingine angetuleta wakati wa utulivu, tukanunua, tukajuta. Wewe umetuambia ukweli."

Wakaenda. Mama Funguo alisimama akiwatazama mpaka gari lilipokata kona, na furaha iliyompanda kifuani ilikuwa ya mwizi anayesikia hatua za mlinzi zikipita na kuendelea mbele. Haikudumu. Lile neno *ukweli* lilikuwa limeachwa mkononi mwake kama chenji ya mtu mwingine.

Alirudi ndani kufunga madirisha. Mwalimu alikuwa mezani jikoni, mguu mmoja juu ya kigoda.

"Kaa," alisema.

Akakaa.

"Yule ni nduguyo?"

"Mdogo wangu. Umejuaje?"

"Mnafanana masikio. Na yeye pia umemleta saa tisa."

Msumeno ulinyamaza kidogo, ukaanza tena. Mama Funguo aliangalia mikono yake.

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja," alisema Mwalimu. "Mtoto akikosa jibu mara moja, ni bahati mbaya. Akikosa mara kumi na tisa, na kila mara kwa njia ileile, huyo hajakosea. Huyo ana jibu lake."

"Kwa nini hukunifukuza?"

Mwalimu alilisugua goti lake. "Nilikuwa nasikia nyayo zako huko juu. Tangu marehemu aondoke, hakuna aliyetembea juu ya kichwa changu kama mtu aliyefika kwake. Wateja hutembea kama wanaotafuta kilichopotea. Wewe ulikuwa unatembea tu. Nikawa nakungoja, bwana! Kwa hiyo kosa tumegawana, usilibebe lote, utateguka."

Mama Funguo alijaribu kucheka, ikashindikana.

"Lakini juzi nilianguka bafuni," alisema Mwalimu, sauti ileile, bila kuitilia chumvi. "Nilikaa sakafuni mpaka goti lilipokubali kunisikiliza. Ilikuwa muda mrefu. Niachie niende, mwanangu."

*

Alitembea kwa miguu mpaka kwake, njia nzima akibishana na mtu asiyeonekana. Nyumba ingeuzwa, hilo alilikubali kabla hajafika kona ya pili. Kilichobaki ni kwa nani. Mtu baki angekuwa nafuu. Mtu baki angeinunua, na yeye angebadilisha njia, asiipite tena mpaka moyo usahau. Lakini mdogo wake angemkaribisha. Kila mwisho wa juma angemkaribisha, kwa upendo wote, angemwekea kiti, angemmiminia chai katika jiko lile, angesema jisikie uko nyumbani. Na yeye, dada mtu, angelazimika kuupanda mlima huo na kutabasamu kileleni. Hapana. Alikuwa na wateja wengine wawili wazuri. Angewaleta hao asubuhi, na mambo yakaisha.

Alifungua mlango wake, harufu ya rangi ikampokea. Juu ya friji palikuwa na mfuko wa dawa za kifua, zile za msimu huu, na karatasi iliyobandikwa kwa mwandiko wa mdogo wake: *Kutwa mara mbili, dada, si mara moja ukikumbuka.*

Aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani. Akaisoma tena. Kisha akapiga simu.

"Kesho uje saa mbili asubuhi, kabla hujaenda kazini," alisema. "Kuna chumba sikukuonyesha."

*

Shemeji alikuwa na wagonjwa. Mdogo wake alikuja peke yake. Mtaa ulikuwa kimya. Mama Funguo hakumpitisha stooni. Alimpitisha jikoni, ambako Mwalimu aliitikia salamu yao na kuendelea kumenya viazi, kisha akampandisha ngazi taratibu.

"Msumeno huanza saa nane, hukoma saa kumi," alimwambia walipokuwa wakipanda. "Kila siku ya kazi. Muda uliobaki pako hivi."

"Jana hukusema."

"Jana sikusema."

Mdogo wake alimtupia jicho, lakini mlango wa chumba kidogo ulikuwa umekwisha kufunguliwa, na jua lilikuwa humo. Lilikuwa limefika katikati ya ukuta, rangi ya uji wa ulezi. Mdogo wake aliingia mpaka kati, akageuka mara moja, akaweka mkoba wake chini.

Wivu ulimrukia Mama Funguo mbichi kabisa, kana kwamba hakuwahi kukesha nao. Alishika fremu ya mlango. Alimwona mdogo wake humo kwa miaka ishirini ijayo, akinenepa, akiota mvi, jua likimfuata ukutani. Hata alivyoweka mkoba! Hakuuliza. Watu wa upande wa ukutani hawaulizi.

"Dada," alisema mdogo wake, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya mtoto aliyelala. "Hapa nitaweka meza yangu. Au kabati la vitabu litaingia?" Alichakura mkoba, akatoa futi ya chuma. "Nisaidie. Shika huku."

Mama Funguo aliingia, akaipokea futi na kuibana kwenye ukuta wa dirisha. Mdogo wake alishika ncha, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ukuta wa pili, utepe ukichomoka kati yao kwa mlio mdogo wa bati.

"Ngapi?" aliuliza, akiwa bado anarudi nyuma.

"Mita tatu na sentimita kumi na nane."

Mdogo wake alisimama. Alikuwa bado hatua mbili kabla ya kuufikia ukuta.

Chini, kisu cha Mwalimu kiligonga ubao, mara moja, mara mbili. Utepe ulilegea katikati, ukapinda kuelekea sakafuni. Mama Funguo aliona jinsi macho ya mdogo wake yalivyotoka kwenye utepe, yakaja kwenye mkono wake, yakapanda mpaka usoni, yakakaa hapo, na polepole yakaanza kujaa zile picha zote za dirisha.

"Na upande ule mwingine?" aliuliza mdogo mtu. Aliuliza taratibu sana.

Angeweza kusema hajui. "Mbili na tisini," alisema. "Lakini mlango ukifunguka unakula nafasi. Kitanda hakiingii vizuri. Nili..." Akaishia hapo.

Mdogo wake hakuiachia ncha. Alikuja nayo, hatua kwa hatua, utepe ukirudi ndani ya futi kidogo kidogo, mpaka wakawa wamesimama karibu, kila mmoja ameshika upande wake.

"Ulitaka kuweka nini, dada?"

Mama Funguo aliutazama ukuta. Jua lilikuwa limesogea kidogo tangu waingie.

"Kiti," alisema. "Kimoja tu."