Msitu Wanaosema Hauna Mwenyewe

Aurélie alikuwa ameinama akikata mangongo, majani mapana ya kufungia chikwange, mkate wa muhogo, Gustave aliposhuka kwenye pikipiki na soksi zake nyeupe na jalada la karatasi. Gustave alikuwa afisa wa misitu kutoka Walikale mjini. Mfanyabiashara wa mbao alikuwa akingoja saini yake tu ili alete misumeno.

"Mama, hii pori haiko na mwenyewe," alisema. "Nyinyi Bambuti, watu wa pori, hamuna nyumba, hamuna shamba. Nitaandika: hakuna muntu."

"Ulishaingia ndani?"

"Kufanya nini?"

"Ingia, shefu. Kama haiko na mwenyewe, hauna lazima ya kuonyeshwa njia. Sisi tutakufuata."

Wanawake waliokuwa wakifunga majani wakacheka. Gustave, kwa kuona haya, akaingia. Akavuka kijito. Akapanda, akashuka, akavuka kijito tena. Alipovuka mara ya tatu, soksi zilikuwa tope tupu.

"Huku mito iko mingi sana!"

"Iko moja, shefu. Njo ile ile inakusalimia."

Gustave akajicheka hadi akaketi juu ya mzizi. "Basi, Mama, nitoe huku."

Aurélie akatangulia, akimwonyesha. Hapa amezikwa nyanya yake. Mti ule wa asali ni wa ukoo wa mumewe. Chini ya huu, uliokwisha kupakwa alama nyekundu ya kukatwa, alijifungua binti yake Consolée, mvua ikimpiga. Gustave aliugusa mti.

Walipotoka, Gustave aliweka karatasi juu ya tangi la pikipiki, akaandika: msitu una watu. Akatia saini. Consolée, aliyefika darasa la sita, akaisoma kwa sauti mara mbili, na vigelegele vikapanda. Kisha akaigeuza karatasi.

"Shefu, muhuri iko wapi?"

Gustave akajikuna shingo. "Iko ku biro, kule mjini. Mukuje wiki ijayo. Mukubwa mwenye muhuri ako safari."

Aurélie aliijua wiki hiyo. Watu wa kilima cha pili waliambiwa waingojee; leo kilima chao ni visiki. Gustave alipopanda pikipiki, akapanda nyuma yake, akamshika kiuno.

"Twende."

"Mama, nimesema mukubwa hayuko!"

"Tutamungojea ku mulango."

"Nyinyi na nani?"

Aurélie akamwonyesha kwa kidevu. Wanawake walikwisha kujitwika majani yao, wakishuka barabarani kuelekea mjini, wakiimba.