Gari Jekundu Linazima Tena

Spana aliamka na hasira, akaivaa pamoja na ovaroli yake. Hasira yenyewe ilikuwa na anwani: kaka yake mkubwa.

Jana jioni kaka huyo alisimama mlangoni mwa gereji, shati limenyooka, kalamu mfukoni, maana alikuwa karani wa bima na hata siku ya mapumziko alionekana yuko kazini. Akaongea na baba yao kana kwamba Spana hayupo.

"Baba, gari limezima barabarani mara nne mwezi huu. Mara ya mwisho ulikuwa ndani, na lori liko nyuma yenu. Wateja wanaliona likisukumwa. Nani ataleta gari lake kwa fundi ambaye la kwao limemshinda?"

Baba aliigeuzia sauti sikio. Macho yalikuwa yamemwacha tangu mwanzo wa mwaka, akabaki kuona mwanga na kivuli tu, na ndipo alipomkabidhi Spana funguo za gereji.

"Kesho nitapanda naye," kaka akaendelea. "Mpaka kituo cha maji kule juu, na kurudi. Likizima, funguo apewe yule fundi niliyekuambia. Spana atakuwa anamsaidia."

"Kumsaidia nini? Kumshikia tochi?" Spana akauliza.

"Basi," baba akasema. "Kesho nendeni. Likizima, funguo zitatoka."

Maneno ya kaka alikwisha kuyazoea. Hayo ya baba ndiyo yaliyomnyima usingizi.

Lilikuwa gari la spoti la viti viwili, lenye umri wa kumzidi Spana, la chini kiasi kwamba ukilipanda unajiona umeketi barabarani. Baba alilipata likiwa mifupa mitupu, akalifufua kwa miaka sita. Sasa lilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Likiwa uani linanguruma nusu siku bila kukohoa. Likitoka, likakimbizwa kama dakika ishirini, linaanza kusita kama mtu aliyepaliwa, kisha kimya. Spana anafungua boneti, anagusa hiki, anakaza kile, na baada ya robo saa linawaka kama halijafanya kitu.

Hapo ndipo lilipomchezea. Mara ya kwanza alikuwa ameshika koili lilipowaka, akasema ni koili, akabadilisha. Mara ya pili akasema plagi. Mara ya tatu aliapa ni pampu ya mafuta. Ya nne hakusema kitu, na kaka ndiye aliyesema kwa niaba yake.

Asubuhi hiyo alimkuta baba ameshatangulia. Kila siku alikuja akipapasa ukuta, akaketi kwenye kigoda nyuma ya gari, na kusugua kwa polishi kile kifuniko kikubwa cha tangi la petroli kinachong'aa katikati ya mgongo wa gari. Rangi ya bodi hakuthubutu kuigusa tena, asije akaikwaruza. Kifuniko alikijua kwa vidole.

"Nendeni salama," alisema, akasogeza kigoda chake.

Walikwenda bila kuzungumza, mpaka kaka akachoka.

"Leo umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

"Afadhali. Maana hilo gari limebaki honi tu ndiyo ya zamani."

"Na wewe limebaki domo tu ndilo linalofanya kazi."

Kaka akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba wamegombana.

Kwenye mwinuko, gari likasita. Spana akakanyaga mafuta; likapaliwa, likatikisika, likanyamaza. Nyuma yao dereva wa lori aliwasha taa za hatari, akasimama kukinga magari mengine, akawapungia mkono kwamba wasiharakishe. Fundi viatu aliyekuwa kando ya barabara alivuta benchi lake ili wapate mahali pa kulisukumia. Kaka naye, pamoja na shati lake lililonyooka, alishuka akasukuma. Spana aliyaona yote hayo, na hakuna hata moja lililompoza.

"Dakika kumi na nane," kaka akasema, akitazama saa yake.

"Nyamaza."

"Niambie ukweli. Umeweka petroli?"

"Liko nusu tangi. Kama huniamini, nenda ukafungue uone mwenyewe."

Aliyatamka kwa kumtukana, na kaka akaenda kweli. Alizungusha kifuniko, na tangi likavuta pumzi: fyuuu, ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Spana aliacha boneti. Akaingia garini, akazungusha ufunguo. Likawaka palepale. Robo saa haikupita, wala hakuwa amegusa kitu.

"Umeona?" kaka akasema. "Linanijua mimi."

"Lete hicho kifuniko, kabla sijakupiga nacho."

Alikigeuzageuza. Petroli ikitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, ni kama kunyonya chupa huku umeibana mdomo, mwisho haitoki hata tone. Ndiyo maana kifuniko cha gari lile kilikuwa na kitundu kidogo cha kupumulia. Kitundu hakikuonekana. Kulikuwa na kitu cheupe, kigumu, kimejazwa kwa uangalifu kama jino lililozibwa. Hewa kidogo iliyopenya pembeni ilitosha gari likinguruma uani, si likikimbizwa; likisimama robo saa, tangi lilipata tena pumzi. Alikikwangua kwa ukucha, akakinusa.

Kaka hakuhitaji kunusa. "Polishi," alisema taratibu.

Fundi viatu, ambaye hakuulizwa, alimnyooshea Spana sindano yake nyembamba kuliko zote, akarudi kwenye kiatu chake.

"Tutamwambia ni vumbi," kaka akasema.

"Vumbi la nani? Fundi aliyeacha vumbi liingie ni nani?"

"Mzee ataumia."

"Na mimi je? Mwezi mzima umenisema, leo ndiyo umekumbuka kwamba watu huumia?"

Spana alizibua tundu kwa sindano, akaendesha mpaka kituo cha maji na kurudi, kasi ileile, na gari halikukohoa hata mara moja. Hasira yake tu ndiyo haikujua pa kushukia sasa.

Baba alikuwa amesimama uani akisikiliza injini.

"Limezima?"

"Limezima, baba," kaka akajibu, kisha akababaika. "Ila ni vumbi kidogo tu, liliingia..."

"Si vumbi," Spana akasema. "Tundu la kifuniko liliziba. Ni polishi."

Vidole vya baba vilisugua hewa, kisha vikatulia.

"Polishi yangu."

"Ndiyo, yako."

Spana alidhani atainama. Badala yake uso wa mzee ulikaza.

"Mara nne. Lori likabaki kidogo litupande, na kila asubuhi mnapita hapa mnaniona nasugua. Na wewe, fundi. Gari likikosa mafuta, nilikufundisha uanzie wapi?"

"Kwenye tangi."

"Mbona hukuanzia huko?"

"Pale palikuwa pako," Spana akasema, sauti ikipanda. "Sikutaka kukagua mkono wako. Ningekagua ungesema nini?"

Baba akakinga kiganja. "Nilisema likizima funguo zitatoka."

Spana alizichomoa mfukoni, akazibwaga kiganjani mwake. Mzee alizipima uzito kwa muda, kisha akageukia upande wa kaka.

"Wewe. Nani kaujua ugonjwa?"

"Yeye."

"Sikusikii."

"Spana ndiye aliyeujua, baba. Si kosa lake. Nilimsema bure."

"Kamwambie hivyo yule fundi wako, asisumbuke kuja." Akanyoosha funguo mbele, akingoja zichukuliwe. "Na wewe, siku nyingine unikague na mimi. Nikikasirika, nikasirike."

Spana alizichukua bila kusema asante. Alikwenda ndani, akarudi na beseni na sabuni, akaketi mbele ya baba na kuanza kumsugua polishi iliyoganda chini ya kucha. Alisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na baba hakuuondoa mkono.