Shamba Lililokuja Redioni

Asubuhi ya Jumatatu Maulida alikuwa amepanda juu ya kiti, akibandika upya trei za mayai zilizoachia ukutani mwa studio, maana bila trei hizo redio ilikuwa ikirusha na honi za bodaboda. Husseni mlinzi akachungulia mlangoni, akasema kuna mgeni kutoka Miono. Maulida akauliza ni nani. Husseni akasema ni shamba.

Lilikuwa limesimama uani kwa adabu, mihogo mbele, kunde zikitambaa katikati, mipapai nyuma, na matandazo yake ya majani makavu yametulia kana kwamba halikusafiri. Lilikuja kwa barabara ya Msata, likishika kushoto. Kiwangwa lilipumzika kidogo kando ya mashamba ya mananasi, ambayo hayakulisemesha. Mwenye shamba, Bi Ashatu, alikuwa amekaa juu ya tuta la kwanza, miguu imejaa vumbi, kwa sababu mtu mzima haachi mali yake iende mjini peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ulisema wiki ijayo."

"Nauli, bibi."

"Nauli," alirudia Bi Ashatu, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa marehemu.

Ilikuwa kweli. Wafadhili walikuwa wamewakusanya waandishi wa habari wa Bagamoyo kwenye hoteli ya ufukweni, wakawafundisha namna ya kuripoti kilimo endelevu cha wakulima wadogo. Kila mmoja alipewa begi, fulana, kinasa sauti na cheti, na wakasisitiziwa kwa uchungu mkubwa kwamba mwandishi wa kweli hufika shambani. Namna ya kufika haikuwemo kwenye mafunzo. Maulida alimpigia simu Bi Ashatu akamwahidi wiki ijayo, wiki hiyo ilipofika akamwahidi nyingine, mpaka shamba likachoka kusubiri.

Shida yenyewe ilieleweka upesi. Kampuni moja ya miwa ilikuwa imeshusha mawe ya mipaka kule Miono, na jiwe moja likachimbiwa katikati ya kunde za Bi Ashatu. Shamba lilikuwa limekuja nalo kuwa ushahidi, jiwe limesimama pale kati ya kunde kama jino bovu. Wapimaji wangerudi mwisho wa wiki. Bi Ashatu alitaka redio iseme kabla hawajarudi, maana jambo likishasemwa redioni, kwa maoni yake, hata mkubwa huona haya.

Maulida alirekodi mchana kutwa. Alikiweka kinasa sauti kati ya mihogo, shamba likaeleza, na pale lilipokwama Bi Ashatu alilisaidia. Mkurugenzi wa kituo, Bwana Mikdad, alitoka nje, akalisalimu shamba, akaliomba lisogee ili gari lake lipate kupita. Likasogea. Kisha akakaa kusikiliza yote yaliyorekodiwa, macho ameyafumba. Aliisifu sana sehemu ya mboji. Sehemu ya jiwe akasema itoke.

"Wafadhili wametupa kilimo," alisema. "Hawakutupa ardhi."

Hakutaja kwamba taarifa ya habari ya saa saba huletwa kwa hisani ya kampuni ya miwa. Hakukuwa na haja, kwani jambo hilo hutajwa kila siku saa saba.

Maulida akakata sehemu ya jiwe, akijiambia ataipenyeza siku nyingine. Jumatano kipindi kikaruka hewani, na kilikuwa kizuri. Aliwakaribisha wasikilizaji wapendwa kwenye shamba la mfano lililopo hapa hapa Bagamoyo mjini, akawaeleza jinsi matandazo yanavyotunza unyevu na kunde zinavyorutubisha udongo. Salamu zikamiminika. Wafadhili wakaomba picha. Bi Ashatu alisikilizia kwenye simu yake ndogo, akilisubiri jiwe, mpaka likaingia tangazo la sabuni.

"La jiwe je?"

"Sehemu ya pili, bibi. Wiki ijayo."

Shamba likaangusha papai moja, bichi.

Mwisho wa wiki wapimaji walirudi Miono, wakakuta shimo jekundu lenye ukubwa wa shamba. Wakaandika kwamba eneo halina mtu wala zao. Maulida akampigia ofisa aliyefuatana nao, akamweleza kwamba shamba lipo, limetoka tu kwenda kushtaki.

"Dada Maulida, mimi ni msikilizaji wako," alisema yule ofisa kwa upole. "Wewe mwenyewe umesema liko Bagamoyo mjini. Kipindi tumekiambatisha kwenye ripoti."

Maulida akakata simu. Sauti ilikuwa yake.

Miwa ikapandwa. Shamba likabaki uani, na kwa kuwa kisima cha pale kina maji ya chumvi, kunde zikaanza kujikunja majani. Bi Ashatu alizimwagilia hivyo hivyo. Maulida akipita alimwamkia, na aliitikiwa vizuri, jambo ambalo lilimuumiza kuliko kutukanwa. Kipindi kikarudiwa kwa maombi ya wasikilizaji.

Alasiri moja, akitoka kununua vocha, aliliona shamba la ufuta limesimama njia panda, likisubiri magari yapite. Nyuma yake lilikuwepo la mahindi, na vumbi lililopanda nyuma ya hilo lilionyesha kwamba yapo mengine. Maulida akainua mikono yote miwili akayapungia yarudi, yawahi kwao kabla wapimaji hawajafika.

Mashamba yakaona yanakaribishwa. Yakampungia majani, yakaongeza mwendo.