Tahariri ya Jumanne

Kila Jumatatu mchana Teresina alifungua tahariri ileile kwenye kompyuta, akafuta jina la kijiji na kuandika jingine. Mengine hayakuguswa: "Tunazisihi pande zote mbili, wafugaji na wakulima, zijizuie." Vita vilikuwa katika mwaka wa tatu, na dizeli ya jenereta haikutosha kuandika mpya.

Kulijua jina la kijiji hakuhitaji kumpigia mtu simu. Aliangalia benchi la mapokezi. Waliouawa walifika asubuhi na majembe yao, pale ofisini, mtaa wa Hai Jalaba mjini Juba, wakakaa kusoma kurasa kabla hazijachapwa. Mfagiaji alilalamikia matope tu.

Jumatatu hiyo waliokaa walikuwa wa Kiriwa. Wa mwisho alikuwa mama yake.

"Mama, umekula?"

"Nile nini? Muhogo umemalizwa na ng'ombe." Akauchukua ukurasa, akausoma kwa kidole. "Pande mbili zipi? Mimi nilikuwa napalilia."

"Ndivyo tunavyoandika, Mama."

"Basi leo andika ng'ombe ni wa nani. Masikio yana alama ya yule mkubwa serikalini, Juba nzima inaijua. Akitajwa, ataona haya, atawaondoa. Alhamisi wafugaji wake wanavuka nao mto kwenda Lomeji. Mdogo wako Ketty yuko kule."

Teresina aliandika sentensi moja, yenye jina.

Mhariri, Ustaz Emilio, aliisoma mara mbili. Akatoka na kiti chake mwenyewe, akampa mama akalie.

"Malesh, samahani, Mama. Lakini gazeti likifungwa, nani atawasihi?"

"Kusihi kwenu kumemrudisha nani?"

Ustaz alikubali kwamba bado hakuna. Kisha akaifuta ile sentensi.

Teresina alimpigia Ketty mara kumi na moja. Mnara wa simu wa Lomeji ulikuwa umechomwa tangu Pasaka. Barabara ilifungwa na wanajeshi. Dereva wa boda alimwambia hata kwa dola haendi. Akarudi mezani, akaandika "Kiriwa", gazeti likaenda kuchapwa.

Jumatatu iliyofuata Ketty aliingia na jembe begani. Alikung'uta miguu mlangoni, kama walivyofunzwa nyumbani. Mama, ambaye hakuwa ameondoka, alimsogelezea kiti, akahamia benchi.

"Dada, mmeandika nini?" Ketty aliuliza.

"Ileile."

"Haya. Nipe niisome."

Teresina akafuta "Kiriwa", akaandika "Lomeji", akamchapia nakala.