Mama Pasi Ajadili Koti

Duka la dobi la Mama Pasi lilikuwa na wateja wanaoleta nguo safi. Shati limefuliwa jana, limenyooka, linanukia, lakini mtu analikunja kwenye mfuko wa plastiki na kwenda nalo dukani, ili mradi apate kukaa kwenye benchi karibu na meza ya kupigia pasi asikilize. Mama Pasi alikuwa anajua kupiga chuku. Akishika suruali yako atakueleza ilikokuwa wiki iliyopita, ilimkimbia nani, na kwa nini goti la kushoto limepauka. Na wewe uliyeivaa unabaki mdomo wazi, unataka kujua itakuwaje.

Hadithi iliyotia fora ilikuwa ya koti. Siku moja ya mvua liliingia koti dukani, peke yake, halina mtu ndani. Likapanga foleni. Zamu yake ilipofika likasema linataka kufuliwa, ila mfuko wa ndani usiguswe. Mama Pasi, ambaye hajawahi kuambiwa kitu kisiguswe akakiacha, akaingiza mkono. Alichokikuta humo kilitegemea nani yuko kwenye benchi siku hiyo. Fundi viatu, aliyekimbiwa na mkewe, alipewa sauti ya mwanamke anayecheka. Mwalimu mstaafu alipewa ufunguo wa nyumba ambayo bado haijajengwa. Kila mmoja aliondoka na mfuko wake, na walipokutana barabarani walikaribia kushikana mashati kila mmoja akiapa kwamba wake ndio wenyewe.

Mtu mmoja tu hakuwa amewahi kuisikia, na huyo ndiye ambaye Mama Pasi alikuwa anamtaka kuliko benchi zima. Mjukuu wake.

Mwanawe wa pekee alihamia mbali, akaoa huko, akapata binti, wakamwita Kidoti kwa sababu ya alama ya kuzaliwa juu ya mdomo. Kidoti alijua Kiingereza na Kiingereza tu. Baba yake aliahidi kumfundisha Kiswahili tangu hajaota meno, na sasa meno yalikwisha kuota na mengine yalikuwa yameanza kung'oka. Kila Jumapili simu ya video ilipigwa. "Halo, Bibi." "Halo, Kidoti." Baada ya hapo walibaki wanachekeana kama watu waliokwama kwenye lifti, mpaka mtoto anachoka anakimbia.

Alikuwa anakimbilia kwa bibi mwingine, mama wa mke wa mwanawe, aliyekuwa anaishi mtaa wa pili na kufika kila jioni na kitabu kwapani. Mama Pasi alimpachika jina la Bibi Kitabu, na hakulitaja kwa wema. Kwenye simu hakuwahi kuiona sura yake vizuri. Aliona magoti yake tu, na Kidoti amekaa juu yake.

Basi mwanawe akapiga simu siku isiyo Jumapili.

"Mama, shule ya Kidoti inaalika mabibi waje kusimulia hadithi darasani. Tumeonelea aende mama mkwe, maana wewe Kiingereza..."

"Kiingereza kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu, mama. Ndiyo shida yenyewe."

"Ni lini?"

"Mwisho wa muhula. Lakini mama, hata ungekuwepo ungekuwepo kwa simu..."

"Wewe nilikuzaa kwa simu? Niandikishe."

Mwanawe akahema, akamwandikisha. Ila akaweka sharti: Bibi Kitabu naye atakaa nyuma ya darasa na kitabu chake, na Mama Pasi akikwama tu, atapokea. Sharti hilo lilimchoma Mama Pasi. Alijiona jikoni siku za mbele, amezeeka, na mjukuu mkubwa anampa mkono wa heshima kama anayemsalimu jirani.

Ghorofani juu ya duka la vioo kulikuwa na kibao: KIINGEREZA CHA RIWAYA NA HADITHI ZA AJABU. Mama Pasi alikisoma mara moja tu. Alipanda ngazi siku hiyo hiyo na aproni yake kiunoni.

Darasa lilikuwa la watu walioanguka mtihani wa fasihi wa Kiingereza na wanaotaka kuurudia. Walikuwepo vijana kadhaa wenye nyuso za kuonewa, mlinzi mmoja wa benki aliyetaka kwenda chuo, na mwalimu kijana waliyemwita Tisha, mwenye shati ambalo Mama Pasi alilihukumu mlangoni: mkunjo wa mkono umepigwa pasi mara mbili, kila mmoja na njia yake. Riwaya ya mtihani ilikuwa mezani kwake, nene, ndani ya nailoni yake ya dukani, haijafunguliwa.

"Dhamira!" alipaza sauti Tisha kwa Kiingereza.

"Dhamira!" waliitikia.

"Mhusika mkuu! Mandhari! Mgogoro! Kilele!"

Waliimba yote hayo kama watoto wa chekechea, na Mama Pasi, aliyekuwa na kichwa chepesi cha kushika, aliimba kuliko wote. Wiki ya kwanza alijua kusema kwa Kiingereza kwamba mandhari yanajenga taharuki. Wiki ya pili akajua kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa. Mlinzi akamuuliza amefaulu kufanya nini. Tisha akasema hilo halimo kwenye mtihani.

"Sasa Tisha mwanangu," akauliza Mama Pasi siku moja, "kwenye hii riwaya kunatokea nini?"

Vijana wakaangalia kitabu kile kwenye nailoni yake.

"Mama," akasema Tisha, "riwaya ni ndefu. Mtihani ni mfupi."

"Hujaisoma."

"Nimesoma maswali yake ya miaka yote."

Alikuwa mkweli, angalau. Wakaendelea. Siku ya hadithi za ajabu Tisha aliandika ubaoni maneno marefu, akaeleza kwamba uhalisia wa kiajabu ni pale jambo lisilowezekana linapotokea mbele ya watu, na watu wanaendelea kunywa chai.

"Unaizungumzia ndoa yangu," akasema Mama Pasi, na mlinzi akacheka mpaka akavua kofia.

Lakini jambo lilianza kumkera. Alitaka kujua Kiingereza cha "likaingia", cha "likatikisa maji", cha "nikaingiza mkono taratibu". Kila akiuliza, Tisha alimkatiza kwa upole. Hayo ni ya kozi nyingine, mama. Kule wanasimulia. Hapa tunajadili. Na kozi hiyo nyingine ilikuwa inaanza muhula ujao.

Hapo ndipo Mama Pasi alipoelewa kwamba ameingia kanisa silo. Angeweza kulia. Badala yake alijikaza kisabuni, akarudi dukani, akawasimamisha wateja wa benchi na kuwajadilia koti kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Hawakuelewa hata neno. Walipiga makofi kwa sababu walikuwa wanampenda, na yeye alilijua hilo, na lilimtisha zaidi.

Siku ikafika. Huku ilikuwa alasiri, kule asubuhi. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya kunyunyizia maji, juu ya meza ya pasi, na Mama Pasi alivaa gauni ambalo lingeweza kusimama peke yake. Kwenye kioo aliona darasa: watoto wamekaa mkekani, mwalimu wao amesimama pembeni, na mbele kabisa Kidoti, mikono imekunjwa, akiwaangalia wenzake mmoja mmoja kama anayesema huyu ni wangu, subirini. Nyuma alikaa Bibi Kitabu. Leo alionekana mzima. Alikuwa mwanamke wa kawaida mwenye miwani, na kitabu chake kilikuwa kimeshafunguliwa.

Mama Pasi akavuta pumzi.

"Habari za asubuhi," akasema kwa Kiingereza. "Mandhari ya hadithi hii ni duka la dobi. Hali ya hewa ni mvua. Mvua inajenga taharuki."

Watoto wakamkodolea macho.

"Mhusika mkuu ni koti."

Mmoja akakuna goti. Kidoti akageuka haraka kumwangalia, akarudisha macho kwenye kioo.

"Mhusika mkuu ana mgogoro. Hana mtu."

"Hana mtu ndani?" akauliza mtoto mwenye pengo.

"Ndani, hapana. Huu ni uhalisia wa kiajabu. Watu wanaendelea kunywa chai."

"Sasa anatembeaje?"

Mama Pasi alitafuta Kiingereza cha mikono ya koti inayoning'inia ikidondosha maji sakafuni. Hakukipata. "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa," akasema.

Nyuma ya darasa Bibi Kitabu alijisogeza kitini. Mama Pasi aliuona mjongeo ule, akaona na shingo ya Kidoti imeanza kuzama kwenye mabega. Akaharakisha mbele, hadi pale anapopajua.

"Koti lina mfuko. Ndani ya mfuko kuna ishara."

"Ishara gani?"

"Ishara ni kitu. Kitu kina maana kubwa."

"Kitu gani?" Sasa walikuwa watatu.

"Hicho ndicho kilele," akasema Mama Pasi. Na kwa kuwa maneno yalikuwa yanamwishia, akarudi pale alipokuwa na uhakika. "Kabla ya kilele, lazima kwanza tujadili dhamira."

"Aaaah!" Darasa zima lilitoa mguno mmoja.

Mguno huo Mama Pasi aliujua. Hauhitaji tafsiri. Ndio ule ule wa benchi, pale anapoweka pasi chini na kwenda kuchota maji makusudi. Alihisi mgongo wake unanyooka. Akaegemea mbele, akashusha sauti, akawajadilia dhamira polepole bila huruma. Dhamira ya kwanza ni upweke. Dhamira ya pili ni tamaa. Msimuliaji ana tamaa. Msimuliaji ameambiwa mfuko usiguswe. Msimuliaji ana mkono. Akauinua mkono wake mbele ya kioo, akausogeza, akausimamisha.

"Uingize!" akapiga kelele mwenye pengo.

"Kuna panya!"

"Kuna mtu mwenyewe, amekuwa mdogo!"

"Hizo ni nadharia," akasema Mama Pasi. "Nadharia zote zinakubalika."

Walikuwa wamepiga magoti sasa, wengine wamesimama, na mwalimu anajaribu kuwakalisha. Bibi Kitabu alikuwa amefunga kitabu bila kuweka alama ya ukurasa, ameinua shingo. Kidoti alikuwa anawatazama wenzake na uso unaong'aa. Mama Pasi akaingiza mkono ndani ya hewa mpaka kiwiko, akashtuka, akafungua mdomo. Kengele ikalia. Mwalimu akaagana naye kwa haraka, na kioo kikawa cheusi.

Watu wa benchi wakageuka kumtazama. Furaha ilimtoka yote kwa mkupuo. Hakumaliza hadithi. Alijikuta anajiona mjinga, mwanamke mzima aliyekwenda kumwonyesha mjukuu mkono mtupu. Akachukua shati la mtu, akalipiga pasi mpaka fundi viatu akamwambia, "Mama, hilo ni langu na ulishamaliza."

Kesho yake mwanawe akapiga simu, hata salamu hakutoa.

"Mama, umewafanya nini wale watoto? Leo darasani wamekataa hadithi ya mama mkwe. Alifika ukurasa wa pili wakamuuliza mfukoni kuna nini. Na yeye mwenyewe ameniuliza mfukoni kuna nini!"

"Ukamjibu nini?"

"Nitajuaje? Kila siku ulikuwa unanipa kingine! Kidoti hajala. Hebu niambie mimi nimtafsirie, yaishe."

Mama Pasi akafikiri. Ilikuwa rahisi. Neno moja kwa mwanawe, na mtoto angelala ameridhika, na kesho angerudi kwenye magoti ya yule mwingine. Kabla hajajibu, simu ilinyang'anywa. Picha ilitikisika, mlango ukafungwa kwa kishindo, na Kidoti akatokea, uso wote kwenye kioo.

"Bibi," akasema. Akameza mate. Ilionekana alikuwa ameyakusanya maneno hayo kutoka kwa baba yake mezani na kuyashikilia njia nzima. "Bibi. Mfuko. Nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtoto huyo kumwambia kitu kwa Kiswahili zaidi ya neno Bibi. Mama Pasi alifurahi mpaka akaogopa. Machozi yalimjia na hakuyafuta, maana hakutaka kuondoa hata mkono mbele ya simu. Akatafuta haraka mfukoni mna nini. Sauti ya kucheka haikumfaa, wala ufunguo. Kwa huyu alikuwa hajui kabisa, na hakuwa na haraka ya kujua.

"Sema," akamwambia taratibu, akijigusa mdomo. "Siku moja ya mvua."

"Siku moja mvua."

"Ya mvua."

"Ya mvua."

"Liliingia koti."

Kidoti alirudia. Akachoka hapo hapo, akaingia kwenye Kiingereza kwa hasira na kumimina maswali, na katikati yake mfuko, mfuko, mfuko.

"Hatujafika," akasema Mama Pasi, akavuta kiti akakaa. "Likapanga foleni. Sema."

Nyuma ya mlango mwanawe alikuwa anagonga, anaomba afunguliwe angalau asikie. Kidoti akamwambia baba anyamaze, akajiweka sawa kitandani, akasema likapanga foleni.