Maneno Yasiyogeuka

Dokta Matonya akianza kufundisha, mimi huondoka. Mwili unabaki kwenye kiti, kalamu mkononi, lakini akili inatoka dirishani, inashuka kilima cha chuo na kufuata upepo unaosukuma vumbi jekundu mpaka kule nchi inakoishia na mbingu kuanza. Siku ile alikuwa ameandika ubaoni kwamba A inageuka D, B inageuka E. Mimi nikaziona herufi zikibadilishana nguo nyuma ya nyumba, kama wasichana kabla ya ngoma.

"Paskazia, uko nasi?"

"Nipo, dokta."

Nilikuwa Mpwapwa. Huko ndiko alikoolewa dada yangu Edina, na tangu aolewe sijui kama anaishi au anavumilia tu. Nikimpigia, simu huwekwa laudspika. Naye hunijibu kama mtu anayesoma tangazo la kijiji: mzima, wote wazima, mvua bado. Nyuma yake namsikia mama mkwe akikohoa. Hakuna simu ambayo yule mama hayupo! Nilikichukia hata kikohozi chake. Mume wa Edina, Fredy, sikuwa na neno naye. Alikuwa shemeji mcheshi, asiyeishiwa utani. Mama yetu kule kwetu Zuzu nikimweleza husema ndoa ni kuvumilia, kisha anaendelea kuchambua mlenda. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: Edina aniambie ukweli bila mkwe wake kuelewa.

"Mkitaka kupitisha siri," Dokta Matonya alikuwa akisema, "chukulieni kwamba anayewasikiliza anaijua njia yenu. Siri haikai kwenye njia, inakaa kwenye ufunguo. Hata kile kinyume mlichokuwa mnaongea utotoni ni usimbaji, yaani kuficha maneno, ila ni usimbaji mbovu."

Darasa likacheka. Mimi moyo ulinipaa.

Kinyume! Mimi na Edina tulikiongea kando ya reli mpaka mama akatutishia mwiko. Unatoa silabi ya mwisho, unaiweka mbele: maji yanakuwa jima, kesho inakuwa shoke. Tulikuwa wepesi mno. Kuna kipindi nilikuwa nikiota kwa kinyume, na ndotoni hata treni ilipita Zuzu kinyumenyume, abiria wakinipungia kwa visogo.

Dokta alikuwa anageukia ubao kueleza ubovu wa kinyume uko wapi. Sikungoja. Mimi nikishapata wazo, subira huwa naiacha kwenye kiti. Nikachukua simu, nikatoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta. Chini yangu mji ulielea kwenye joto, mabati yakimeta, na kwa muda nilihisi kama nyanda zote zile zimenyamaza zinisikilize.

Edina akapokea. Laudspika, kama kawaida. Nikamsikia Fredy akicheka na redio, nikasikia na kikohozi.

"Dada," nikasema haraka, "mama saanakute?"

Dada, mama anakutesa?

 Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Dada ukiigeuza ni dada. Mama ukiigeuza ni mama. Nilikuwa nimeyapeleka mawili hayo mpaka Mpwapwa yakiwa uchi, na hilo jingine nyuma yake hata mtoto angelikamata. Simu ikahama mkono. Kikohozi kikaja sikioni kabisa.

Nimekwisha, nikawaza. Nimemmaliza dada yangu.

Sauti iliyofuata sikuitarajia. Ilikuwa nyepesi, ya kasi, sauti ya msichana anayeruka kamba.

"Si mimi. Ngumwana. Onjo shoke, emchuku."

Fredy akaangua kicheko. "Mama, umeanza Kichina?"

"Nacheza na mtoto," akamjibu taratibu, na sauti yake ikazeeka tena.

Niliegemea ukuta. Akili yangu, hii isiyotulia darasani, ikaenda silabi kwa silabi kama mtu anayevuka korongo gizani. Si mimi: hayo yalikuja yalivyo, hayana pa kugeukia. Ngumwana ni mwanangu. Onjo ni njoo. Shoke ni kesho. Emchuku ikanichukua muda, si kwa ugumu wake, bali kwa sababu sikutaka kuimaliza.

Mchukue.

Mwanawe! Basi yule mama hakuwa akikaa pale kumchunga Edina. Alikaa kwa sababu akiwepo yeye, mkono wa Fredy hauinuki. Aibu ilinipanda, hasira ikaipita njiani. Mwanamke niliyemchukia miezi yote hii ndiye aliyekuwa amekaa katikati ya dada yangu na kipigo, na sasa alikuwa ananiomba nimwondoe Edina kwake.

"Shikamoo, mama," nikasema. Sikuwa na kingine cha kumpa.

"Marahaba, mwanangu."

Nilimsikia Edina akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Kisha Fredy akaichukua simu, mchangamfu kuliko wote.

"Mke wangu mdogo! Masomo hayaishi tu? Unakuja lini kututembelea?"

"Kesho, shemeji," nikamwambia, kwa Kiswahili cha watu wote.

Akacheka sana. Alidhani ni utani.