Watani Wako Wapi

Mimi ni Mngoni, na kwa miaka mingi niliitwa mtumwa na Mhehe mmoja kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza. Anayeshtuka kusikia hivyo haujui utani, na simlaumu. Ninaowalaumu ni wale wanaoujua vizuri, tena wamelelewa nao, kisha wakajifanya wameusahau.

Babu zetu na babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wakaona heri kutukanana. Ndiyo maana Mhehe akikutana na Mngoni kila mmoja anadai kwamba yeye ndiye aliyeshinda na mwenzake ni mateka. Mtani ana haki ya kukutukana ukiwa mzima, na ukifa ana kazi ya kukuzika. Haki na kazi vinakwenda pamoja, na asiyetaka moja hapewi nyingine.

Huyo Mhehe wangu anaitwa Lukelo, mwalimu wa hisabati wa darasa la saba hapa Mlimba. Mimi nafundisha Kiswahili. Nilipofiwa na mume wangu, na wanangu wakatawanyika, mmoja Dodoma na mwingine Mwanza, nilibaki kwenye nyumba ya shule na mama yangu mzazi, Philomena, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Watu walinihurumia kwa muda, kisha wakarudi kwenye mambo yao kama ilivyo desturi ya watu. Lukelo hakunihurumia hata siku moja. Alikuwa akipita na baiskeli yake asubuhi, anapiga kelele tangu kwenye mchongoma: "Mtumwa! Umeamka au nije na fimbo?"

"Pita haraka, mla mbwa," namjibu, "wa jirani wameshaanza kubweka."

Mama alikuwa akimsubiri kuliko mimi. Lukelo alimwita mateka wa babu yake, na mama alimwambia kwamba babu yake huyo alikimbia vita akiwa amevaa kanga ya mkewe. Wakati mwingine alicheka mpaka nikalazimika kumshika asianguke kwenye kigoda. Alikuwa ametenga jogoo mmoja mwekundu asiyechinjwa kwa mgeni yeyote. "Huyu ni wa Mhehe," alisema. "Siku nikifa atalala kaburini mwangu na hatoki mpaka apewe jogoo wake. Asipolala, msinizike."

Basi wakaja watafiti. Walikuwa wanazunguka bondeni, kuanzia Ifakara hadi huku kwetu, wakichunguza jinsi wafanyakazi wanavyohusiana mashuleni na kama wana furaha kazini. Jambo jema, sikatai. Mwalimu ni mtu ambaye huulizwa amefundisha nini, haulizwi amelalaje. Aliyekuja shuleni kwetu alikuwa binti mmoja mchangamfu, Aikande, Mchagga. Mwalimu mkuu wetu, Elineema, ni Mpare. Walipokutana barazani nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe mwalimu mkuu akitangaza: "Walimu, shikeni pochi zenu, Mchagga ameingia!" Naye Aikande akamjibu kwamba asiogope, maana pochi ya Mpare haijafunguliwa tangu uhuru. Wakacheka wote wawili wakashikana mikono.

Mimi nilihojiwa kwenye stoo ya vitabu. Aikande alikuwa na kishikwambi, anasoma swali, anabonyeza.

"Katika mwezi uliopita, kuna mfanyakazi mwenzako aliyekuita jina la kudhalilisha?"

"Kila siku ya Mungu. Ananiita mtumwa."

Akacheka. "Ni mtani wako, madam?"

"Mtani wangu, ndiyo. Lukelo."

"Sasa humu hakuna sehemu ya utani. Kuna ndiyo na hapana."

"Basi weka ndiyo, si ananiita?"

"Na akikuita hivyo unajisikiaje? Vibaya sana, vibaya, kawaida?"

"Najisikia nimeamka."

"Hiyo haipo, madam."

Akaweka kawaida. Mbele kidogo akaniuliza kama kuna mtu kazini ninayeweza kumweleza shida zangu. Nikasema yupo, Lukelo. Alinitazama, akabonyeza, akaendelea na swali linalofuata. Walimu wengine nao waliulizwa hivyohivyo, na kwa kuwa Lukelo alikuwa na mtani kila kona ya shule, wengi wakasema ndiyo, na wengi wakacheka wakisema.

Kicheko hakikuingia kwenye kishikwambi. Baada ya miezi kadhaa mwalimu mkuu aliitwa kwenye semina, akarudi amenywea. Shule yetu ilikuwa imeongoza kwa lugha ya udhalilishaji kazini. Kwenye chati iliyooneshwa mbele za wakuu wengine, sisi tulikuwa nguzo nyekundu, ndefu kuliko zote. Aliitisha kikao siku hiyohiyo, akasema kuanzia sasa shuleni kwake utani ni marufuku, ndani na nje ya geti, na anayetaka kutania akatanie kwao.

"Lakini Mwalimu Mkuu," nikamwambia, "wewe si ndiye ulimtania yule binti alipoingia?"

"Mwalimu Restuta, usinitafutie balaa," akasema. Wenzangu wakaangalia chini. Lukelo alipewa onyo la maandishi, na nakala ikaingia kwenye faili lake.

Kesho yake nilikaa mlangoni na kikombe cha chai nikisikiliza baiskeli. Ilikuja, ikapunguza mwendo. "Habari za asubuhi, mwalimu," Lukelo akasema.

Nilidhani ni utani mpya. Nikamrushia tusi la mbwa. Akatikisa kichwa taratibu, akapanda baiskeli, akaenda. Tangu siku hiyo ikawa habari za asubuhi, mwalimu, na nzuri, mwalimu. Ofisi ya walimu ikawa kimya, unasikia kalamu zikisahihisha. Watu hawakuchukiana, ila kila mtu alianza kuonja neno lake kabla ya kulitoa, na wengi wakaona nafuu kutolitoa kabisa. Mimi nilikuwa narudi nyumbani sijazungumza na mtu mzima yeyote neno lisilohusu kazi, na upweke ule uliniuma kuliko hata ule wa kufiwa, kwa sababu marehemu huwezi kumwona anapita na baiskeli.

Mama naye alikuwa anauliza. "Mtumwa wetu amehama?"

"Yupo, mama. Amekatazwa kututania."

"Na nani?"

"Na watafiti."

Akafikiri. "Hao ni kabila gani?"

Nilicheka, nikaona aibu kucheka peke yangu. Nilimweleza nilivyoweza, kwamba kuna watu wanaotaka tuheshimiane kazini. Mama akauliza yule Mhehe ametukosea heshima lini.

Nikamfuata Lukelo. Nilimkuta jioni moja kwenye jaruba lake ng'ambo ya reli, amepandisha suruali, anapalilia mpunga. Nikamwita mla mbwa kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni. Alinawa mikono, akaja tukasimama kwenye tuta.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Nimebakiza muda mfupi nistaafu. Barua moja ipo kwenye faili. Ya pili ikiingia, sijui mafao yangu yatakuwaje. Nina wajukuu ndani ya nyumba."

"Njoo basi nyumbani umtanie mama. Mama si mfanyakazi."

"Nyumba ni ya shule. Amesema ndani na nje ya geti."

"Lukelo, nani atakusikia?"

"Mwanzo nani alinisikia?" akaniuliza. "Si nyinyi wenyewe mliosema?"

Aliuliza bila hasira, na hapo ndipo nilipokasirika mimi. Nikamwambia asiniite mwalimu tena, aniite Restuta, aniite chochote. Akasema sawa, mwalimu. Nilirudi nyumbani nikijibizana naye njia nzima, na maneno mazuri yote yalinijia wakati hayupo.

Watafiti walirudi mwaka uliofuata wakauliza maswali yaleyale. Nguzo yetu nyekundu ilikuwa imeporomoka. Tukapewa cheti cha shule yenye staha, Elineema akakitundika juu ya kiti chake, na tukapewa soda. Walimu walikunywa wakisema asante.

Mama alifariki katikati ya masika. Aliugua siku chache tu, kifua, na hakusumbua mtu. Alikuwa ameshasema azikwe hapahapa, asirudishwe Songea, ili nisiwe natafuta nauli ya kuja kuliona kaburi. Asubuhi ya maziko nilimkamata yule jogoo mwekundu, nikamfunga mguu kwenye nguzo ya jiko. Ndugu yangu Digna, aliyefika kwa treni, akaniuliza wa nini. Nikamwambia wa mtani. Niliamini kabisa kwamba Lukelo atakuja kumdai. Nilijiambia kwamba barua ni barua, lakini kaburi ni kaburi, na hakuna Mhehe anayeweza kusimama kando akitazama Mngoni anazikwa kimyakimya kana kwamba hana mwenyewe.

Walimu walikuja wote, mashati meupe, wamejipanga nyuma ya mwalimu mkuu. Lukelo alikuwa katikati yao amevaa koti. Mvua ilikuwa imekatika, lakini maji yalikuwa yanachuruzika ndani ya kaburi, na vijana walikuwa wanayachota kwa ndoo. Nilimtazama Lukelo. Hapo ndipo alipotakiwa kuruka mbele na kuuliza kama tunamzika bibi au tunapanda mpunga. Alitakiwa kutembea kama mama, mkono kiunoni, akipapasa njia. Alitakiwa kulala mle ndani na koti lake na kusema mateka hazikwi bila ruhusa ya bwana wake, na watu wacheke huku wanalia, na mimi nicheke, maana nilikuwa nimekaza kifua tangu usiku wa juzi na sikujua nitakilegeza vipi.

Katekista Gaudensi, mzee wa Kindamba, mwenyeji wa huku, alimaliza sala. Jeneza likainuliwa. Akangoja, akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti:

"Watani wako wapi?"

Elineema alikuwa anaangalia viatu vyake. Lukelo alisogeza mguu mmoja mbele. Nilimwona. Kisha akaurudisha.

"Hawa Wangoni hawana watani huku?" Gaudensi akauliza tena.

"Tuendelee tu, mzee," mwalimu mkuu akasema kwa upole. "Mawingu yanarudi."

Jeneza likashuka bila kizuizi chochote. Tulimaliza mapema kuliko ilivyopangwa. Waombolezaji waliniambia maziko yalikuwa ya utulivu sana, ya heshima, na kwamba mama amesindikizwa vizuri. Niliporudi nyumbani jogoo alikuwa ameshachinjwa. Digna alisema hakuna mtani aliyekuja kumdai, na wageni walikuwa wengi. Walimla na wali.

Jioni ya siku ya pili nilikwenda kaburini peke yangu kuyaweka sawa maua ambayo mvua ilikuwa imeyalaza. Nikasikia baiskeli ikilazwa kwenye majani. Lukelo akaja, akavua kofia, akasimama upande wa pili wa tuta la udongo. Macho yake yalikuwa mekundu. Aligeuka akatazama njia, kulia na kushoto, kisha akainama.

"Mateka," akanong'ona, "nani amekuruhusu kuondoka?"

Kifua changu kikaanza kulegea. Nilimpenda sana wakati ule, kama mtu anavyompenda ndugu yake aliyepotea.

"Kwa sauti, Mhehe," nikamwambia. "Yuko chini, hasikii."

Akavuta pumzi. Akafungua mdomo. Wakati huohuo Mwalimu Bibiana akatokea njiani na mwavuli wake, anatoka dukani. Alipotuona akasimama kutupa pole.

Lukelo akanyooka, akavaa kofia. "Pole sana, Mwalimu Restuta," akasema, kwa sauti ambayo hata aliye ng'ambo ya reli angeisikia. "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Akaokota baiskeli yake, akaikokota, wakaondoka na Bibiana wakizungumzia ratiba ya mitihani ya majaribio.

Nikabaki mimi na mama, na kwa mila zetu mtoto hamtanii mama yake.